Chama cha Maua Chamzika Elihuruma

Katika nchi hiyo, ambayo ramani haiionyeshi kwa sababu mchora ramani bado anasubiri kibali cha kuingia, waridi lilikuwa kila kitu. Lilikuwa kwenye bendera, kwenye noti na kwenye kofia za trafiki. Mahali pekee ambapo halikuwepo ni ndani ya nyumba za watu. Waridi likichanua nchini lilikuwa tayari lina safari: linakatwa asubuhi, linaingizwa kwenye ubaridi, na kabla jua halijashuka linapanda ndege kwenda kwa watu wa ng'ambo wanaojua namna ya kulitazama. Wananchi walilitazama kwenye kalenda.

Kalenda hiyo ilitolewa na Chama cha Maua. Hapo mwanzo Chama kilianzishwa na wakulima ili kiwasemee. Kikawasemea vizuri mno, mpaka ikafika mahali wakulima hawakuhitajika kusema chochote, na baadaye hawakuhitajika hata kualikwa. Serikali nayo ilipopata jambo lolote lenye maua ndani yake, ilikiuliza Chama. Na kwa kuwa harusi zina maua, mazishi yana maua, na marais wakija hupewa maua, taratibu Chama kikajikuta kinasimamia ndoa, vifo na mambo ya nje.

Elihuruma alikata mawaridi maisha yake yote ya utu uzima, katika shamba moja huko mlimani. Alianguka akiwa kazini, ndani ya banda la nailoni, mkasi mkono wa kulia na waridi mkono wa kushoto. Msimamizi wake alikuja mbio, akapiga magoti, akahakikisha kwamba waridi halijaumia. Kisha akatuma mtu kwa mke wa Elihuruma.

Mkewe aliitwa Nakiete, ila mtaani walimwita Mama Penieli, kwa jina la mtoto wao wa pekee aliyefariki akiwa mchanga. Alipopata habari aliketi chini pale pale mlangoni. Mbele yake, kando ya uzio, zilisimama alizeti za Elihuruma. Alizipanda kila mwaka, wala hakuzikamua mafuta. Akirudi kazini alivuta kigoda, akaketi mbele ya hizo alizeti kama mtu aliyetembelewa na wageni. Ni pale alipomwambia mkewe, mwaka jana tu, "Mama Penieli, siku yangu ikifika, waridi hapana. Waridi nimelitazama mpaka limenikinaisha. Niwekee hizi. Tafadhali."

Nakiete alikuwa amemwambia aache maneno ya uchuro, anywe chai. Lakini alimwitikia, "Sawa." Sasa sawa hiyo ilikuwa imemkaa kifuani, na siku zile zote za msiba hakuwa na jingine alilolitaka duniani.

Tatizo la kwanza lilikuwa ubaridi. Chumba cha maiti cha hospitali kilikuwa hakina umeme. Chumba cha maua cha Chama kilikuwa na umeme, jenereta, na jenereta nyingine ya kuilinda ile ya kwanza. Chama, kwa huruma zake, kikajitolea kumlaza mwanachama wake humo, katikati ya mawaridi yanayosubiri ndege. Watu walisema ni heshima kubwa. Nakiete alisema asante.

Kisha akaja Bwana Mkonyi.

Bwana Mkonyi alikuwa Afisa Mashada wa Wilaya. Alifika kabla ya mchungaji, akiwa na beji ya waridi kwenye koti na futi ya fundi mfukoni. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka chini ya turubai. Alivuta kiti, akaketi katikati yao.

"Poleni sana, wadau," alisema.

"Wadau wa nini?" aliuliza Hilda. Huyu alikuwa dada wa marehemu, mwanamke ambaye hata akiwa analia sauti yake ilisikika mpaka barabarani.

"Wadau wa msiba," alisema Bwana Mkonyi, bila kukasirika. "Marehemu alikuwa na urefu gani?"

"Fundi wa jeneza keshapima."

"Hiyo ni kwa ajili ya jeneza. Mimi naulizia daraja. Waridi refu ni daraja la kwanza, fupi linashuka. Chama kiliona si haki wanachama wake kupimwa kwa kipimo kingine."

Nakiete alifikiri kidogo. "Mimi nilikuwa namfika begani."

Bwana Mkonyi akamtazama Nakiete kuanzia utosini mpaka kwenye kandambili, akapiga hesabu zake. "Daraja la pili. Hongereni. Daraja la pili linapata mashada ya plastiki, hotuba, na Mheshimiwa Mwenyekiti mwenyewe akipata nafasi."

"Na daraja la kwanza?" Hilda aliuliza.

"La kwanza anakuja hata kama hana nafasi."

"Kaka yangu amekata mawaridi mpaka vidole vikapinda, halafu mnamzika na plastiki?"

"Plastiki ya ng'ambo, dada," alisema Bwana Mkonyi, na akashusha sauti kwa heshima. "Inatengenezwa huko huko yanakokwenda mawaridi yetu. Tunawapelekea yanayonyauka, wao wanatuletea yasiyonyauka. Ukiangalia vizuri utaona sisi ndio tumewapiga bao."

Wanawake waliangalia vizuri. Hakuna aliyeona.

"Bwana Afisa," alisema Nakiete, "mimi sina maneno mengi. Mashada yenu yaleteni. Nina ombi moja tu, nimwekee marehemu alizeti zake. Zile pale."

Bwana Mkonyi aligeuka, akaziona, akatoa kitambaa na kujifuta jasho. "Mama, alizeti si ua."

"Si ua?"

"Kisheria ni mafuta ambayo hayajakamuliwa. Ziko chini ya Bodi ya Mafuta. Wewe ukiweka alizeti juu ya jeneza, machoni pa serikali ni sawa na kummwagia marehemu mafuta ya kupikia. Bodi italeta malalamiko, Chama kitajibu, na malalamiko ya kwanza baina yao bado hayajaisha."

"Basi niruhusuni nimwone uso tu kabla hajafunikwa."

"Hilo nalo ni gumu. Sanduku likishatoka kwenye ubaridi halifunguliwi mpaka limfikie mteja. Ubaridi ukikatika, bidhaa inapoteza thamani."

"Bidhaa?" Hilda alisema, na mkono wake ukaanza kutafuta kiatu.

"Nimeteleza. Mwili," alisema Bwana Mkonyi, akasimama. Alipofika kwenye kona ya uzio aligeuka akaziangalia tena zile alizeti, kama mtu anayehakikisha kwamba hazimfuati.

Siku ya mazishi alizeti zilikuwa katika ubora wake, njano tupu, vichwa vikubwa kama sinia. Nakiete alikata tatu alfajiri, akazifunga ndani ya kanga, akaibeba kanga mgongoni kama mtoto. Majirani waliona mabua yakichungulia begani pake. Kwa kuwa walikuwa majirani wema, walitazama pembeni.

Lori la Chama lilileta sanduku moja kwa moja makaburini. Halikuwa jeneza la yule fundi. Chama kilikuwa kimeona si vyema mwanachama alale kwenye mbao za kawaida, kikamhamishia kwenye sanduku lake chenyewe, refu, jeupe, lenye matundu ya hewa, lile lile linalopakiwa maua ya kusafirishwa. Pembeni liliandikwa BIDHAA MBICHI. USIGEUZE.

Mheshimiwa Mwenyekiti, Daktari wa Heshima Lubengo, alikuwa amepata nafasi. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Ndugu waombolezaji na wadau wengine! Kifo ni changamoto. Lakini tujiulize, je, si fursa pia? Duniani pote, ua linanunuliwa na mtu aliyefurahi au mtu aliyefiwa. Waliofurahi, tuseme ukweli, wamepungua. Ni ninyi, ndugu zangu, mnaoshikilia soko. Elihuruma ametoa mchango wake akiwa hai, na leo anatoa mwingine. Mfano huu uigwe!"

Watu walipiga makofi kidogo, wakiwa hawajui wanaombwa kuiga nini.

Ndipo mshereheshaji akaanza kuita watu waweke mashada, kila mmoja kwa ngazi yake. Akaita Chama Taifa. Akaita Chama Mkoa, Chama Wilaya, Umoja wa Wauza Mbolea, Umoja wa Wauza Dawa ya Wadudu, Benki, Kampuni ya Ndege, na Timu ya Mpira ya Benki. Kila aliyeitwa alitembea polepole, akainama, akasubiri apigwe picha, akarudi. Sanduku likazama chini ya plastiki. Familia ilikuwa mwishoni kabisa, kwenye kipengele kilichoitwa "Na Wengineo".

"Na wengineo!" aliita mshereheshaji, akifunga faili lake.

Nakiete akainuka. Alipofika kwenye sanduku hakukuwa na mahali pa kuweka hata kidole. Akaanza kusogeza mashada, moja baada ya jingine, kwa utaratibu, kama mtu anayetafuta kitu kabatini.

"Mama," Bwana Mkonyi alinong'ona, "mama, usisogeze la Benki."

Nakiete akalisogeza la Benki. Alipoinama akasikia harufu. Plastiki haina harufu, na Elihuruma naye, pamoja na kazi yake yote, hakuwahi kunukia waridi. Alirudi nyumbani ananuka dawa ya wadudu na jasho. Hii ilikuwa harufu nzuri kabisa. Nakiete aliogopa. Akashika kifuniko, akakivuta.

Ndani yalikuwa mawaridi. Mekundu, marefu, yamelala kwa mistari, yamefungwa kwenye karatasi laini. Katika umati ule wote, wengi ndiyo kwanza walikuwa wanaona waridi lisilo la kalenda.

Mtu wa kwanza kupata sauti alikuwa Mheshimiwa Mwenyekiti. "Funikeni!" alipiga kelele. "Funikeni, jua! Jua!" Akavua koti lake, akayafunika mawaridi, akapiga magoti kwenye udongo na suruali yake ya sherehe. "Daraja la kwanza," alisema, sauti ikimkatika. "Hata hayajachanua." Machozi yakamtoka. Watu waliguswa sana, maana hakuna aliyewahi kumwona akilia msibani.

"Mume wangu yuko wapi?" aliuliza Nakiete.

Bwana Mkonyi alilitazama sanduku, kisha akatazama juu, kisha saa yake ya mkononi. Alikuwa mtu mwaminifu kwa kazi yake. "Kwa sasa hivi," alisema, "atakuwa ameshatua."

Umati wote ukageuka kumtazama Mheshimiwa. Alikuwa mzoefu wa kutazamwa namna hiyo. Alisimama, akajikung'uta magoti, akakitwaa kipaza sauti.

"Ndugu wadau! Nimearifiwa hivi punde kwamba marehemu amefika soko la nje. Mwanachama wa daraja la pili! Tumpigie makofi!"

Kwa kuwa agizo lilitoka kwenye kipaza sauti, watu walipiga makofi. Hilda hakupiga. Kiatu chake kilimpata Mheshimiwa kwenye bega, na ratiba ikatangazwa kuwa imeisha. Mawaridi yalirudishwa kwenye ubaridi yakisindikizwa na pikipiki ya polisi. Kaburi likabaki wazi, na Nakiete akarudi nyumbani na alizeti zake tatu mgongoni.

Tangu hapo Nakiete alikwenda ofisi ya Chama kila asubuhi. Alikaa kwenye kiti cha wageni, chini ya kalenda, mpaka Bwana Mkonyi alipotoka.

"Anaendeleaje?" Nakiete aliuliza.

"Anaendelea vizuri. Ubaridi haujakatika. Jana alipandishwa mnadani."

"Ikawaje?"

"Wanunuzi wamesita. Wanauliza, akiwekwa kwenye chombo anakaa siku ngapi."

Nakiete alilifikiria swali hilo, kwa kuwa aliulizwa kwa adabu. "Waambie kwangu alikaa miaka yote ya ndoa," alisema. "Wala hakuwa msumbufu wa maji."

Bwana Mkonyi alitoa kalamu ili aandike, akairudisha mfukoni bila kuandika. Siku hiyo alimsindikiza Nakiete mpaka getini, jambo ambalo halimo katika majukumu yake.

Mtaani msiba ulikuwa haueleweki. Turubai lilikuwa bado limesimama, lakini watu hawakujua kama wamlilie mtu ambaye yuko safarini. Wengine walianza kumwonea wivu. Fundi baiskeli wa jirani alimwuliza Hilda kwa sauti ya chini kama kuna uwezekano marehemu akamletea mnyororo wa gia.

"Nitakuletea mimi," alisema Hilda, "nikufunge nao."

Na alizeti, ambazo hazikuwa na habari za ubaridi wala mnada, zilianza kuinamisha vichwa. Petali zilidondoka uzioni. Kila jioni Nakiete alizimwagilia, ingawa alijua kwamba alizeti ikishaanza kukomaa mbegu haibembelezeki. Aliogopa jambo moja tu, kwamba siku Elihuruma akirudi, hakutakuwa na cha kumwekea.

Mheshimiwa Mwenyekiti alimwita ofisini kwake. Ilikuwa ofisi kubwa. Juu ya meza kulikuwa na waridi moja la plastiki ndani ya chombo, na chombo kilikuwa na maji.

"Mama Penieli," alisema, "Chama kimekaa. Tumeamua kulimaliza jambo lako kwa heshima. Tutazika sanduku, sanduku zuri, tupu, na mashada yote. Wewe tutakutangaza Mjane wa Taifa wa Soko la Nje. Utakuwa unakaa jukwaani siku ya maonyesho. Utavaa utepe."

"Na Elihuruma?"

"Elihuruma atabaki kule kama balozi."

Nakiete aliiweka mikono yake magotini. "Mheshimiwa, mimi sitaki utepe. Nataka Elihuruma, alizeti zake na lile shimo. Vitu vitatu, na viwili ninavyo."

"Unafahamu unakataa nini?"

"Sifahamu, baba," alisema Nakiete. "Ila nakataa."

Mheshimiwa alimtazama kama mtu aliyeletewa mche wa aina asiyoijua. Kisha akaamuru aonyeshwe mlango, ingawa mlango ulikuwa mmoja na alikuwa ameuingilia.

Mambo yalibadilika bila Chama kutaka. Huko ng'ambo wakaguzi waliunda kamati, kamati ikafanya uchunguzi wa kina, na ikatoa uamuzi kwamba Elihuruma si ua. Chama kilipinga kwanza, kwa sababu ya msimamo. Kilituma ujumbe kusema kwamba nchi yenye mamlaka yake ndiyo yenye haki ya kuamua ua ni nini. Ng'ambo wakajibu kwa kumrudisha.

Hii ilikuwa aibu ambayo Chama hakikuwa na kipengele cha kuikabili. Mzigo wa nchi ile haukuwahi kurudishwa, au kama uliwahi, ulikuwa umesahauliwa rasmi. Asubuhi hiyo Bwana Mkonyi alitoka mwenyewe mpaka kwenye kiti cha wageni, akasimama wima.

"Mama, nimeagizwa nikujulishe kwamba Chama hakina, na hakijawahi kuwa na, mwanachama anayeitwa Elihuruma."

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Huyo msiyemjua."

Bwana Mkonyi alitazama nyuma yake, akatazama kalenda, akainama. "Uwanja wa ndege. Geti la mizigo, upande wa nyuma. Nenda na watu wa kubeba."

"Na nikimchukua naweza kumzika ninavyotaka?"

"Chama," alisema Bwana Mkonyi taratibu, akiyachagua maneno kama mtu anayevuka tope, "hakiwezi kukataza mazishi ya mtu kisiyemjua."

Walimzika siku hiyo hiyo, mchana, katika lile kaburi lililokuwa likimsubiri. Mchungaji aliomba kwa kifupi. Hakukuwa na kipaza sauti wala mshereheshaji. Nakiete alikuwa amepita nyumbani kuzichukua alizeti zilizobaki uzioni. Hazikuwa na petali hata moja. Vichwa vilikuwa vyeusi, vizito, vimejaa mbegu, na mabua yamekauka kama kuni.

Watu waliokusanyika walisimama kuzunguka sanduku, wakasubiri. Walisubiri sana. Mmoja alikohoa. Mwingine alimsukuma mwenzake, mwenzake akasema, "Mimi sijaitwa." Ikadhihirika kwamba katika nchi ile watu walikuwa wamesahau namna ya kulisogelea kaburi bila kutajwa jina.

Nyuma yao alikuja mtu mmoja bila koti wala beji, akasimama mbali kidogo. Hilda alimtambua.

"Wewe leo daraja la ngapi?"

"Nimekuja tu, dada," alisema Bwana Mkonyi. Aliviona vile vichwa vyeusi mikononi mwa Nakiete, na kazi ya miaka mingi ikamtoka mdomoni bila kukusudia. "Lakini mama, hayo maua yamekauka."

Hilda akamgeukia Nakiete kwa haraka. Nakiete naye alikuwa anamtazama Afisa Mashada, na uso wake haukuwa na hasira.

"Umeyaita maua," alisema.

Bwana Mkonyi akasogea hatua moja karibu na kaburi, bila kujirekebisha.

"Wifi," alisema Hilda, sauti yake ikiwa chini kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze. "Nenda wewe."

Nakiete akaenda. Aliinua kifuniko. Elihuruma alikuwa vile vile, maana ubaridi kweli haukuwa umekatika. Kwenye paji la uso walikuwa wamembandika karatasi ndogo yenye mistari na namba. Nakiete aliibandua taratibu kuanzia pembeni, akilowesha kidole kwa mate pale ilipogoma, mpaka ngozi ikabaki safi.

"Pole na safari, Baba Penieli," alisema.

Akamwekea alizeti kifuani, akamfunga mikono juu yake ili zisiteleze. Mbegu chache zilidondoka kwenye mkunjo wa shati, akaziacha. Alimtazama kwa muda aliotaka yeye, na hakuna aliyemharakisha.

"Haya," akawaambia. "Sasa mfunikeni."